Kikapu cha wanawake vyuo vidogo kinafuatilika

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo zikigusa mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo Marekani, huishia kwa vyuo vikubwa. Daraja la Tatu (Division III), la vyuo vidogo, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya kucheza, hamuligusi kabisa. Ajabu, kwani New York University ilitwaa ubingwa huko 2024 na 2025 bila kufungwa hata mchezo mmoja, fainali zote mbili dhidi ya chuo cha Smith.

Anayetaka kuufuatilia msimu aanze Novemba, ila asibabaishwe na matokeo ya mwanzo. Uzito uko kwenye michezo ya kanda (kundi la vyuo vinavyoshindana kila msimu), Januari na Februari, kwa sababu bingwa wa kanda kwa kawaida huingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya timu 64. Ukipoteza fainali ya kanda, unabaki kusubiri kuchaguliwa kwa hisani ya viwango vya timu.

Matangazo ya vyuo hivi mara nyingi ni kamera moja, na ubao wa matokeo huchelewa au hupotea kabisa. Fungua pembeni ukurasa wa takwimu, uangalie faulo za timu. Robo ya mchezo ina dakika 10. Kuanzia faulo ya tano, mpinzani hupata mitupo huru miwili, na hesabu hufutwa robo ikiisha. Timu yenye faulo nne huku zimebaki dakika sita za robo hulegeza ulinzi. Hapo ndipo uongozi wa pointi kumi huyeyuka.

Msomaji wenu,
Minneapolis