Barua ya wazi kwa vijana mlio kwenye vikao vya harusi: zikumbukeni siku 21

Wanangu na wajukuu zangu,

Marahaba kwa wote.

Nawaandikia ninyi mnaotarajia kufunga ndoa miezi hii, pamoja na ndugu na marafiki waliojitolea kwenye kamati zenu. Kazi ya ushenga nimeifanya miaka mingi. Nimepeleka barua za posa, nimepeleka vishika uchumba, nimeketi na wazee kujadili mahari mpaka usiku, na siku hizi mnanialika hata kwenye vikao vya kamati. Huko nasikia habari za ukumbi, mapambo, MC, kadi za single na double, nani ametoa mchango na nani bado anaahidi. Sina neno na hayo, kwani sherehe ni heshima ya familia zote mbili. Kinachoniumiza ni kwamba kikao hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala bila mtu hata mmoja kuuliza: taarifa ya ndoa imepelekwa kwa nani, na lini?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo tunayoifuata huku Tanzania Bara, inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa ya kusudio lao angalau siku 21 kabla ya ndoa. Taarifa hiyo hupelekwa kwa msajili, ambaye kwa wengi wetu yuko ofisi ya Mkuu wa Wilaya, pale tunapopaita bomani, au kwa kiongozi wa dini mwenye leseni ya kufungisha ndoa. Mnaandika majina yenu, umri, mnapoishi, wazazi wenu ni nani, na kila mmoja anaeleza hali yake: hajawahi kuoa au kuolewa, amefiwa, ameachika. Mnathibitisha pia kwamba hamna undugu unaokatazwa. Mwanaume mwenye mke tayari anamtaja mke huyo kwa jina. Kisha mnatia sahihi wote wawili.

Baada ya hapo ndoa hutangazwa. Ukifunga bomani, tangazo hubandikwa. Wakristo mnayajua matangazo ya Jumapili tatu, la kwanza, la pili na la tatu, na yule mchungaji anayesema mwenye kizuizi ajitokeze.

Najua wengi wenu mnazihesabu siku hizi kuwa usumbufu. Mmeshalipia ukumbi, mjomba anatoka Mwanza, tarehe haisogei, ndipo mnaanza kutafuta mtu wa kuwapitisha mlango wa nyuma. Nawasihi, hasa ninyi mabinti, msikubali. Siku hizo 21 zimewekwa kwa ajili yenu. Ndizo zinazompa nafasi mwanamke aliyeachwa Tabora na watoto wawili kusikia kwamba mumewe anatangazwa Dar es Salaam. Ndizo zinazompa nafasi shangazi anayejua kwamba mababu zenu ni wamoja. Sheria inamruhusu mtu yeyote mwenye sababu ya kisheria kuweka pingamizi, na inampa mke aliyepo kwenye ndoa ya wake wengi haki ya kupinga ikiwa kipato cha mume ni kidogo kiasi kwamba mke mwingine ataleta dhiki nyumbani. Mtu anayeogopa jina lake kukaa ubaoni wiki tatu, mchumba wake amuulize sababu.

Ipo leseni maalum, ambayo Msajili Mkuu anaweza kuitoa ili ndoa ifungwe bila kusubiri. Imewekwa kwa wenye sababu nzito. Msiifanye kuwa dawa ya kamati iliyochelewa.

Nyaraka zianzeni mapema. Tafuteni vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, na majina yafanane. Nimeona binti ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema Asha, cha shule kinasema Aisha, na kitambulisho kina jina la babu ambalo halipo kwingine kokote. Marekebisho hayo huchukua muda kuliko kushona nguo za maharusi. Aliyefiwa atafute cheti cha kifo. Aliyeachika awe na hati ya talaka ya mahakama. Maneno ya “tuliachana zamani, kila mtu anajua” hayafui dafu mbele ya msajili. Mwenye mchumba kutoka nje ya nchi ajue kwamba mgeni ataulizwa hati ya kwao inayoonyesha hana ndoa nyingine.

Lipo jambo jingine mnaloona aibu kulizungumza. Sheria yetu inatambua ndoa za aina mbili: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ya aina ya pili mpaka ithibitishwe vingine, na nyingine zote huchukuliwa kuwa za mke mmoja. Lizungumzeni wenyewe kabla ya kushika kalamu, kwa maneno ya wazi, tena mkiwa wawili tu. Nimeshakutana na wake waliolijua hili siku mume alipoleta habari za mke wa pili.

Na huyo atakayewafungisha, mmemuuliza kama ana leseni? Huduma za dini zimekuwa nyingi, na si kila anayeitwa mchungaji au sheikh ameruhusiwa na serikali kufungisha ndoa. Kuuliza si utovu wa adabu. Ulizeni pia kama atawapa cheti cha ndoa cha serikali, kwa sababu kile chenye maua na picha ya njiwa ni kumbukumbu nzuri ya ukutani tu. Siku yenyewe wawepo mashahidi wasiopungua wawili, watu wazima wanaoelewa kinachofanyika. Kabla hamjaondoka mezani, someni cheti herufi kwa herufi. Mpiga picha atasubiri.

Sasa niseme na mnaofunga kimila, maana hapo ndipo nilipoumia zaidi. Ndoa ya kimila ni ndoa kamili mbele ya sheria. Hata kutosajiliwa hakuiondolei uhalali, na mahari ambayo haijaisha haiitengui. Lakini sheria inawataka wanandoa waisajili ndani ya siku 30, na wengi hawafanyi hivyo. Yuko mama mmoja niliyepeleka posa yake mwenyewe. Mumewe alipofariki alikwenda kufuatilia mafao, akaulizwa cheti cha ndoa. Alikuwa na albamu, alikuwa na mkanda wa video wa ngoma nzima, alikuwa na watoto watatu wenye sura ya baba yao. Cheti hakuwa nacho. Tukaanza safari za mahakamani, mimi nikila kiapo kwamba nilikuwapo mahari ilipohesabiwa, huku wazee wengine waliokuwapo wakiwa wameshatangulia mbele ya haki. Mwishowe alipata haki yake, lakini aliipata akiwa amechoka, ameuza shamba kwa nauli, na shemeji zake wamemtukana kwamba alikuwa hawara wa kaka yao. Hilo neno halikumtoka moyoni.

Na ninyi mnaoishi pamoja tu mkisema mtafunga mambo yakikaa sawa: maneno ya mtaani kwamba miezi sita inatosha kuwa mke hayana msingi. Sheria inazungumzia miaka miwili au zaidi, watu wakiwajua kama mume na mke, na hata hapo ni dhana tu ambayo mtu anaweza kuipinga mahakamani.

Wazazi wenzangu nao wasome hapa. Sheria ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Posa ya mtoto mimi sipeleki, hata uje na ng'ombe wangapi. Na binti mkubwa pia aulizwe, ajibu mwenyewe kwa hiari yake, kwa sababu bila ridhaa yake huru hakuna ndoa.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho, kabla ya mweka hazina kusoma michango, katibu aandike ajenda moja: taarifa ya ndoa, nani anaipeleka, tarehe gani. Hesabuni siku 21 kurudi nyuma kutoka siku ya harusi, kisha ongezeni wiki mbili za kuhangaikia vyeti. Asiyejua aanzie wapi aende bomani asubuhi, pamoja na mchumba wake, wakaulize wenyewe. Na anayetaka mzee wa kumsindikiza, mimi nipo.

Ni mimi mshenga wenu.