Gari jipya likiyumba, mteja asiambiwe "utalizoea"

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauzaji wa magari mapya ya spoti, pamoja na wenzangu wanaodunduliza fedha ili wayanunue.

Mimi ni mfanyabiashara wa mbao, naishi Iringa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeendesha pikapu na malori kati ya Mafinga na Dar es Salaam. Machi mwaka huu nilitimiza ndoto ya ujana wangu: gari la milango miwili, gia za mkono, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, jipya kabisa. Dukani Dar walinizungusha kwenye foleni ya mtaa mmoja, nikasaini, nikakabidhiwa funguo. Mimi na mke wangu tukaanza safari ya kurudi nyumbani, karibu kilomita 500.

Mpaka Mlandizi sikuona tatizo, kwa sababu mwendo haukuwapo. Tulipoipita Chalinze, kwenye vipande ambavyo malori yaendayo Zambia na Kongo yameibonyeza lami hadi ikafanya mifereji, usukani ulianza kunivuta. Nilikuwa kwenye 90 tu. Gari lilitumbukia kwenye mfereji, na nikijaribu kulitoa liligoma, kisha likaruka ukingo kwa ghafla na kukimbilia pembeni. Tukipishana na semi, upepo wake ulitusukuma nje halafu ukatuvuta ndani, na kila mara nililazimika kulirudisha gari kwa mikono miwili. Mke wangu alishika mpini wa mlango kutoka Ubena Zomozi hadi Mikese. Hakusema neno, nami nilijua anaogopa. Mimi pia niliogopa.

Tulipofika Msamvu nilipiga simu dukani. Kijana aliyenihudumia alinijibu kwa upole, "Mzee wangu, gari la spoti ndivyo lilivyo. Utalizoea."

Sikulala na jibu hilo. Asubuhi nililipeleka gari kwa fundi wa alaimenti, yaani anayepima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, pale Morogoro. Kabla hata ya kuwasha mashine yake alipima upepo wa tairi: zote nne zilikuwa na PSI 46, wakati kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema 33. Alinieleza kwamba magari mapya hujazwa upepo mwingi ili tairi zisibonyee zikikaa muda mrefu melini na yadini, na ni kazi ya muuzaji kuupunguza kabla ya kumkabidhi mteja. Tairi iliyojaa kiasi hicho inakuwa ngumu kama gogo, inagusa lami kwa katikati tu, na kila kibonyeo cha barabara kinafika moja kwa moja kwenye usukani.

Kisha akalinyanyua gari, akamulika tochi kwenye springi za mbele. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja kila upande. Huwekwa ili gari lisinesenese likiwa safarini baharini. Hakuna aliyevitoa. Nilikuwa nimeendesha karibu kilomita 200, na familia yangu ndani, kwenye gari lililofungwa miguu ya mbele! Mwisho akapima magurudumu, akakuta la nyuma kushoto limeelekea nje kidogo kupita kipimo. Kwa macho huwezi kuliona, lakini gurudumu la nyuma likikaa hivyo, gari linajiongoza lenyewe kwa nyuma.

Kazi ilichukua saa tatu. Kutoka hapo hadi Mikumi nilikuwa na gari jingine. Kwenye kona za Kitonga lilipanda limetulia, usukani unaitika kwa kidole, nikaelewa kwa nini watu huyapenda magari haya.

Si kwamba kila kitu kiliisha. Tairi zake ni pana na zina ubavu mfupi, kwa hiyo bado zinafuata mifereji ya lami, ingawa sasa kwa adabu. Mfereji ukijaa maji ya mvua, tairi pana huelea upesi, lazima upunguze mwendo mapema. Na katikati ya kona yenye utelezi, ukiachia mafuta ghafla uzito unahamia mbele, mkia unakuwa mwepesi na unaweza kukutoka. Hiyo ni tabia ya gari, na mnunuzi anastahili kufundishwa. PSI 46 na plastiki kwenye springi si tabia. Ni uzembe.

Wajerumani walilipata somo hili kwa gharama kubwa. Audi ilipoleta gari lake la TT mwaka 1998, umbo lake la mviringo lilisifiwa kila mahali. Lakini kwenye barabara zao kuu, mwendo ukizidi 180, nyuma ilipungukiwa uzito, na dereva akibadili njia ghafla gari lilimponyoka. Watu walikufa. Kampuni haikuishia kuwaambia wateja wazoee: iliyaita magari, ikafunga spoila, yaani bawa dogo la kulikandamiza gari chini, kwa nyuma, ikarekebisha mfumo wa chini na kuweka mtambo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuserereka.

Ninachoomba hapa kwetu ni kidogo zaidi. Mteja akabidhiwe karatasi yenye upepo wa kila tairi na vipimo vya alaimenti, iliyosainiwa na fundi aliyeingia chini ya gari. Na jaribio lifanyike barabara kuu, si kwenye foleni.

Vile vipande viwili nilivirudisha dukani mwenyewe. Waliniomba radhi, nami nimewasamehe. Ila niliuliza kuhusu magari mengine yaliyoshuka na meli ileile, na hadi leo sijajibiwa. Nawasihi wauzaji wawapigie simu wenye magari hayo, wiki hii, kabla mvua hazijakolea.

Mfanyabiashara wa mbao,
Iringa