Mwanangu, ukuta wa watu usiuguse

Asalaam aleikum mwanangu. Dada yako kanisikilizisha ile voisi yako, eti Ijumaa mnaenda kumwaga rangi nyekundu kwenye ukuta wa ile ofisi iliyobomoa vibanda, halafu mjilaze barabarani na bidhaa vifuani. Kujilaza sina neno, jilazeni mpaka magharibi. Hiyo rangi ndo imeninyima usingizi.

Na usiseme mama haelewi sanaa. Si wewe ulinionesha yule Boniface Mwangi wa Nairobi, 2013, yeye na wenzie wamepeleka nguruwe na damu nje ya Bunge kisa wabunge wanataka kujiongezea mishahara? Nguruwe, astaghfirullah, ila nilicheka mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini, maana ile hata asiyesoma akiona anajua hapa kuna watu wanaambiwa walafi. Sasa rangi inasema nini? Kesho yake watu watajadili ukuta, nani kauchafua, nani analipa, vibanda havitajwi tena, na atakayeshinda anasugua ni mama wa usafi, sio bosi.

Wale vijana wa London waliomwagia supu picha ya Van Gogh ile ya maua 2022, picha ilikuwa na kioo haikupata kitu, fremu tu ndo iliharibika, na bado 2024 mmoja kala miaka miwili mwenzie miezi 20. Huko ni Uingereza. Kwetu mwaka huohuo mchoraji wa Mbeya kachoma picha ya Rais akajirekodi, akaambiwa miaka miwili au faini milioni 5, watu wakamchangia mtandaoni. Wewe nani atakuchangia, sisi bado tunadaiwa mabati.

Kichwa unacho, hilo sibishi. Ile ya kusimama stendi na jiko la mkaa kichwani nimeitangaza Ujiji nzima, mpaka wanaoniuzia samaki Kibirizi wanaijua. Ndo maana nauliza, mtu mwenye akili ile anakimbilia ndoo ya rangi kwa nini, ndoo kila mtu anayo. Baba yako anasema nilikuzoesha, kila unachotaka ndiyo, mimi simjibu. Presha yake imeshuka kidogo ila chumvi hasikii.

Jilaze, piga kelele, jipake masizi, ukuta usiuguse. Na wenzio wakiugusa usiwe wa kushika simu kurekodi, maana anayerekodi naye wanambeba.

Dagaa zimepanda bei sana, nimepata kidogo tu, nimeweka na mawese kidumu cha lita tano na unga wa muhogo. Mzigo unafika Mbezi Ijumaa asubuhi, nimemwambia konda ampe mwenyewe mkononi, asimwachie mtu mwingine. Basi likichelewa msubiri hapohapo stendi hata kama ni mpaka saa kumi, mawese yakimwagika kwenye mizigo ya watu nitadaiwa mimi.

Mama yako