Kabla hujachagua chuo cha uuguzi Uganda

Kampala, 12 Mei

Mpendwa rafiki yangu Kahindo,

Salamu nyingi kutoka Kampala. Barua yako ya Butembo, huko kwetu Kongo, nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wazazi wamekubali uje kusomea uuguzi huku Uganda. Umeniuliza kama masomo ni magumu. Ugumu upo, lakini sio ule unaouhofia.

Kiingereza cha darasani kinakutisha bure. Ni kweli kwamba sisi tuliosoma kwa Kifaransa huchelewa kuandika, ila anatomia ni ile ile, na sikio huzoea. Kinachotaka uangalifu ni mambo madogo ambayo hakuna anayekufundisha, kwa kuwa kila mtu anadhani unayajua. Kwetu desimali huandikwa kwa mkato, huku huandikwa kwa nukta, na mkato hutenganisha maelfu. Hivyo 1,250, ambayo kwetu ni moja na robo, muuguzi wa hapa ataisoma elfu moja mia mbili hamsini. Kwenye chati ya dawa hilo si jambo la kuchekea.

Kazi yenyewe iko wodini. Wagonjwa wengi wa Kampala huzungumza Kiganda, na Kiswahili, ingawa Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, wengi bado wanakihusisha na wanajeshi. Juzi nilikuwa nachukua maelezo ya bibi mmoja aliyelazwa kwa maumivu ya tumbo. Alieleza kwa kirefu, akashika ubavu, akaonyesha mgongoni, akahesabu kitu kwa vidole, alipomaliza, binti yake aliyekuwa akimuuguza akanigeukia na kusema, "Tumbo linamuuma." Vidole vile vilikuwa siku, au mara alizotapika, au watoto aliowazaa? Nilimwomba binti amuulize upya, swali moja baada ya jingine, na kazi ya dakika chache ikachukua karibu saa nzima, huku wenzangu Waganda wakiwa wameshahamia vitanda vingine. Kitabu cha mazoezi ya wodini, ambamo kazi za kila mwanafunzi huandikwa, hutiwa sahihi kwa kazi iliyokamilika, na kwa mwendo huo mgeni hubaki nyuma hata kama darasani anaongoza.

Ndiyo maana nakushauri usikimbilie Kampala. Fikiria Kasese, wilaya ya magharibi inayopakana na Kongo. Ukivuka mpaka wa Kasindi na kuingia Mpondwe, utawakuta Wakonzo, ambao lugha yao na Kinande chetu zinatofautiana kidogo tu, na hospitali ya Kagando ina chuo chake cha uuguzi na ukunga. Masomo ni kwa Kiingereza popote utakapokwenda, lakini huko mgonjwa atakueleza mwenyewe anapoumwa. Jina la Kampala huwafurahisha wajomba tu.

Kuhusu karatasi, anza mapema. Diploma yetu ya Serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, huonyesha asilimia moja ya jumla, ilhali vyuo vya huku hutaka kuona alama za biolojia na za kemia, kila somo peke yake. Kwa hiyo chukua buletini, yaani ripoti za alama, za miaka yako ya mwisho zikiwa na mhuri wa shule, zitafsiriwe kwa Kiingereza, kisha uzipeleke pamoja na diploma kwenye Baraza la Mitihani la Uganda ili zilinganishwe na vyeti vya hapa. Mhuri mmoja ukikosekana, utarudi Butembo kuufuata. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na sasa viza si tatizo tena, lakini kibali cha mwanafunzi bado ni lazima. Waulize pia wenye chuo kama watakutoza karo ya mgeni au ya mwananchi wa Jumuiya, na wakujibu kwa maandishi.

Lipo jambo jingine ambalo ni afadhali ulisikie kwangu. Kila Ebola inapotangazwa, iwe kwetu au huku, wapo watakaosikia lafudhi yako na kusogea pembeni kwenye benchi, hata wanaovaa sare kama yako. Hupita baada ya majuma machache, ila huchosha.

Niandikie majina ya vyuo ulivyoviomba, na uniambie kama umeamua stashahada ya miaka mitatu au shahada ya minne, maana sifa za kujiunga hazifanani. Habari za Kagando mwulize shangazi yako wa Bwera. Yeye yuko karibu nako kuliko mimi.

Rafiki yako,
Kavira