Kwako binti yangu, kabla mwezi haujaandama

Mamako kanambia Ramadhani hii wataka kufunga yote, na kidonge cha mchana cha lithiamu, dawa yako ya kutuliza akili, utakiruka. Sikukatazi. Ila nenda kliniki sasa, usingoje mfungo wa kumi ndipo ubebwe.

Lithiamu yako ni aina ya chumvi, na figo haziitofautishi sana na hii ya jikoni. Mwili ukikaukiwa, figo huzuia chumvi isitoke na mkojo, na lithiamu nayo hubaki humo humo kwenye damu. Nafasi yenyewe finyu: madaktari wengi hutaka kipimo chake kwenye damu kiwe kati ya 0.6 na 1.0 (milimoli kwa lita), na kikipita 1.5 sumu yaweza kuanza. Sasa fikiria joto letu la Februari na Machi, umesimama Likoni wangoja feri saa nane mchana, jasho lakutiririka ndani ya buibui, na maji hujayaonja tangu daku.

Daktari atakupima damu, masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, atazame na figo na tezi ya shingo. Huenda akakuhamishia dozi yote usiku. Huenda akasema usifunge kabisa, na hapo usibishane: ruhusa ya mgonjwa imo Surat al-Baqara, hata jirani akikunja uso.

Kichwa kikikugonga kwa njaa na kukosa chai, usinunue brufeni wala diklofenaki pale dukani. Hizo hupandisha lithiamu. Panadol yatosha. (Wauzaji wengine hawaulizi unatumia dawa gani, kwa hivyo useme wewe.) Na chumvi usiikate ghafla ati kwa kuwa shangazi yako ana presha: ikipungua, figo huishika lithiamu. Achari yako kula kama kawaida.

Ukiona mikono yatetemeka kuliko ilivyozoea, watapika, waharisha, wapepesuka au ulimi mzito, fungua saumu papo hapo, usimeze kidonge kingine, uende hospitali hata kama ni usiku.

Hao wasemao umeshapona, uache tu, wala usiwasikilize. Umetulia kwa sababu wameza. Ukiacha ghafla ule wazimu wa kutolala waweza kurudi kwa kasi, nawe wajua ulivyotufanya tukutafute mpaka Kongowea.

Jumanne asubuhi sina kazi, nitakupitia twende pamoja. Kidonge cha asubuhi usikimeze mpaka utolewe damu, na kadi ya kliniki usiisahau.

Khalati yako