Yule kinyonga wa dukani

Mwanangu Zaina,

Picha yako ya duka la wanyama huko Marekani imefika. Mama yako alipomwona kinyonga ndani ya kioo, na bei ya dola ubavuni, akasema "Audhubillahi" akanirudishia simu. Mimi nilimkazia macho. Pembe mbili puani: huyo asili yake ni milima yetu hii ya Usambara.

Kuna jambo sijakwambia. Nilipokuwa mdogo alikuwa akija mnunuzi wa vinyonga hapa Lushoto, anatulipa watoto kwa kichwa. Tulikuwa tunawatafuta usiku kwa tochi, maana kinyonga akilala hupauka, unamwona tawini kama kipande cha karatasi. Tunawatia kwenye mifuko ya kitambaa. Asubuhi ukifungua mfuko, weusi tititi, macho wamefumba mchana kweupe. Kwa vile kinyonga halii, tukadhani hasikii maumivu. Waliokufa hatukulipwa, na hilo ndilo lililotuuma.

Umeuliza, wewe msoma sheria, mbona mkaguzi hafiki pale dukani. Sheria yao ya 1966 ya kulinda wanyama ilisukumwa na kilio cha watu walioibiwa mbwa, na mbwa hao wakauzwa maabara. Walipoipanua 1970 wakaandika kuwa inalinda wanyama wa damu moto. Kinyonga, kobe, chura na samaki wakabaki nje. Baadhi ya majimbo yana sheria zake, lakini mkaguzi wa serikali kuu hana habari nao. Uingereza mwaka 2022 wamewatambua hata pweza na kaa kuwa wana hisia, na hao hata uti wa mgongo hawana! Hiyo damu baridi yenyewe ni ya alfajiri tu. Kinyonga akishaota jua, saa nne hivi, mguse uone.

Huku Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Kenya ilimzuia yule wao wa pembe tatu tangu 1981. Na wataalamu walipomtafutia huyu wetu jina jipya la kisayansi, 2006, walichukua neno letu: *Kinyongia*. Angalau jina wameliheshimu.

Usimnunue kwa huruma, mwenye duka ataagiza mwingine. Ila ukipita tena, mwambie kwa adabu amwekee majani na ayanyunyizie maji asubuhi na jioni. Kinyonga hulamba matone, na mle kwenye picha nimeona bakuli tu.

Baba yako