Kwa nini tunatoza shilingi 40,000 "kubadilisha kampira tu"

Wiki hii mteja alituambia mbele ya watu, hapa dukani kwetu Shangani, Mtwara, kwamba tumemwibia: shilingi 40,000 kubadilisha kampira tu. Mashine yake ndogo ya kahawa ya safari, zile za zamani za Kiitaliano zinazowashwa kwa spiriti, tuliifanyia matengenezo, akaenda nayo ufukweni Msimbati na familia, haikutoa hata kikombe kimoja. Malalamiko ya aina hii yanatufikia kila kusi inapoanza kuvuma, kwa hiyo tunayajibu kwa kirefu.

Tulifungua kichomeo mbele yake, na harufu ikatujibu wote: alikuwa ametia nipa, pombe kali inayopikwa kwa mabibo ya korosho. Nipa huku ipo, na kweli ukiisogezea kiberiti inaweza kushika moto. Mbali na kwamba sheria hairuhusu kuipika wala kuiuza, ina maji mengi. Kilevi kinaungua, maji yanabaki kwenye utambi, na mwali unasinyaa kabla tangi halijachemka. Hata spiriti ya vidonda ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, ina kasoro hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Kichomeo cha mashine hizi kinabeba mafuta ya kuchemsha tangi moja, hakina akiba. Tumia spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Mafuta ya taa yanajaza masizi na kuharibu utambi, na petroli usiisogeze kabisa karibu na mashine hii.

Sasa bei. Mashine ya mgahawani inasukuma maji kwa mgandamizo wa takriban bar 9. Hii ya spiriti inategemea mvuke peke yake, bar moja au mbili, kama birika la moka lililoanza Italia mwaka 1933. Ndiyo maana povu lake ni dogo, na atakayekuahidi povu zito anakudanganya. Mvuke unasukuma maji yapande bombani, yapenye kwenye kahawa, yashukie kikombeni. Nguvu ni ndogo, hivyo ukiacha upenyo mwembamba pembeni ya mpira wa kuziba, mvuke unatokea hapo na kikombe kinabaki kitupu.

Mpira wenyewe hauuzwi madukani Chikongola. Mashine za zamani zina vipimo tofauti, kwa hiyo tunaukata kwa mkono kutoka kwenye silikoni ya vyombo vya chakula, tukipima na kujaribisha mpaka ukae. Kisha tunayeyusha ukoko wa chokaa kwa maji ya limao, tunafungua vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, tunasafisha springi yake, tunawasha mashine kwa maji matupu na kusikiliza. Isipotoa maji sawasawa tunaifungua upya. Spiriti ya majaribio ni yetu. Hiyo ndiyo 40,000.

Wengi wanakwepa gharama hiyo kwa kukata tyubu ya baiskeli. Mashine ya mama mmoja wa Mikindani ilimtolea kahawa yenye harufu ya mpira uliochemka, akadhani ni kahawa mbovu, akanunua nyingine. Alipotufikia, tyubu ilikuwa imelainika na kugandia kwenye nyuzi za kufungia. Kuing'oa bila kukwangua shaba kulituchukua siku nzima, na yeye akalipa mara mbili ya ambacho angelipa mwanzoni.

La vali linatutisha zaidi. Tulipokea mashine kutoka Lindi ambayo vali yake ilikuwa imezibwa kwa risasi ya kuchomelea redio, kwa sababu eti "ilikuwa inavujisha mvuke". Vali hiyo ilikuwa ikifanya kazi yake! Na mwenye mashine alikuwa akitumia kahawa ya kutwanga ya kwenye mdila, iliyo laini mno, ambayo katika mashine hii inaziba chujio. Chujio limeziba, vali imezibwa, moto unawaka chini: tangi kama hilo linaweza kupasuka na watoto wamelizunguka. Tulikataa kuiwasha mpaka alipokubali vali mpya. Kazi ya namna hiyo tutaendelea kuikataa hata kwa malipo mazuri.

Kahawa iwe na chembe kama za chumvi laini ya mezani. Isawazishe na kijiko, usiishindilie. Arabika ya Mbinga iliyokaangwa wastani inatoka vizuri sana. Maji yasipite usawa wa vali, na ukitia ya moto kutoka kwenye chupa ya chai unaokoa spiriti nyingi.

Ufukweni, kusi inauhamisha mwali kutoka chini ya tangi. Kinga kwa kipande cha bati upande wa upepo tu. Ukizungushia pande zote, kichomeo kinakosa hewa na spiriti iliyomo inapata joto kupita kiasi. Kuna hatari nyingine: mwali wa spiriti hauonekani juani. Kijana mmoja alidhani umezimika, akamimina spiriti kutoka kwenye chupa, moto ukapanda mpaka mkononi. Subiri kichomeo kipoe kabisa, ukishike kwa mkono, ndipo uongeze. Na usiwashe ndani ya hema.

Ukileta mashine, njoo na kichomeo chake, kahawa unayotumia na spiriti yako, tuvione vyote. Za kwenda Msimbati wikiendi zitufikie kabla ya Jumatano jioni. Ya Ijumaa hatuwezi kuijaribisha ipasavyo, na bila kuijaribisha hatuitoi dukani.